Vijitabu vya mazungumzo ya Kiingereza vinafunza maneno, vinasahau adabu

MAJUZI nilikuwa katika steji ya Meru mjini nikisubiri matatu ya kuelekea Embu ijae. Mchuuzi mmoja alipita dirishani akiwa amebeba soksi, tochi, peremende na vijitabu. Nilinunua kijitabu kimoja kwa Sh100. Jalada lake liliahidi kwamba baada ya majuma machache msomaji ataweza kuzungumza Kiingereza cha kila siku bila wasiwasi: sokoni, hospitalini, ofisini, kwenye simu na mbele ya mwajiri.

Sitakitaja kijitabu chenyewe wala mchapishaji wake, kwa kuwa dosari nitakazozizungumzia si zake peke yake. Vijitabu vya aina hii ni vingi na vyote hufuata muundo mmoja. Upande wa kushoto kuna sentensi ya Kiingereza, upande wa kulia tafsiri yake ya Kiswahili, na sura zimepangwa kwa kufuata hali: kusalimiana, kuomba, kushukuru, kuomba radhi, kuagana. Kufikia Chuka nilikuwa nimemaliza sura ya nne. Tulipovuka mto Thuci na kuingia Kaunti ya Embu, pambizo zote zilikuwa zimejaa wino wangu.

Kijana aliyeketi kando yangu aliniona nikiandika kwa hasira akacheka. "Hicho kitabu nakijua, mzee," akasema. "Hicho ndicho kilinipatia kazi." Akanieleza kwamba alikulia karibu na Maua, ambako nyumbani waliongea Kimeru na shuleni Kiswahili cha kubahatisha. Siku ya intavyuu katika hoteli moja ya watalii aliambiwa, "Tell me about yourself," naye akajibu jinsi kitabu kilivyomfunza. Kazi akaipata.

Mhakiki yeyote anayetaka kuvibeza vijitabu hivi sharti kwanza amjibu kijana huyo. Mimi siwezi kumwambia kwamba alikosea. Kiingereza ni mlango wa riziki nchini Kenya, na mwenye kuuza ufunguo wa mlango huo kwa Sh100 anafanya kazi ambayo shule nyingi zimeshindwa kuifanya kwa miaka mingi.

Ugomvi wangu basi hauko upande wa kushoto wa ukurasa. Uko upande wa kulia. Kijitabu kinamuuzia msomaji Kiingereza, lakini bila kukusudia kinampa pia Kiswahili kilichokatwa kwa kipimo cha Kiingereza. Msomaji wa Tigania, Mwimbi au Mbeere ambaye Kiswahili si lugha yake ya kwanza hukichukua hicho kuwa Kiswahili cha watu wenye adabu. Hapo ndipo hasara inapoanzia.

Hebu tuanze na neno "tafadhali". Katika kijitabu hiki neno hilo limekaa mbele ya karibu kila ombi: "Tafadhali nipe maji", "Tafadhali unaweza kufungua dirisha?", "Tafadhali unaweza kupunguza bei?" Sababu ni wazi. Kila palipo na "please" upande wa kushoto, mwandishi ameweka "tafadhali" upande wa kulia, kama mtu anayelipa deni shilingi kwa shilingi.

Hata hivyo, adabu ya ombi katika Kiswahili kwa kawaida haikai katika neno moja linalotangulia sentensi. Hukaa ndani ya kitenzi chenyewe. "Naomba maji" tayari ni ombi la heshima. "Nifungulie dirisha" ina kiambishi cha kutendea, kinachomwambia msikilizaji kwamba tendo hilo atalifanya kwa ajili yangu, kwa hisani yake. Ukiongeza "hebu" au "kidogo", umelainisha zaidi. Ukitanguliza jina la heshima, umemaliza kazi.

Nenda katika soko la Gakoromone mjini Meru usikilize. Mnunuzi anayejua kuongea husema, "Mama, nipunguzie kidogo." Hakuna "tafadhali" hapo, wala hakuna utovu wa adabu. Mwenye kusema, "Tafadhali, unaweza kupunguza bei?" ataeleweka, lakini muuzaji atajua mara moja kwamba anaongea na mgeni, na huenda bei ikapanda badala ya kushuka.

Wataalamu Penelope Brown na Stephen Levinson, katika utafiti wao maarufu uliochapishwa kwanza mwaka 1978 na kutolewa kama kitabu mwaka 1987, walieleza kwamba adabu hulinda nyuso za aina mbili. Kuna uso unaotaka kuachwa huru usisumbuliwe, na kuna uso unaotaka kupendwa na kuhesabiwa kuwa mmoja wetu. Kiingereza cha Uingereza hupenda kuulinda uso wa kwanza. Ndiyo maana Mwingereza huuliza kama unaweza kufungua dirisha, ilhali anaona wazi kuwa una mikono. Anakupa nafasi ya kukataa.

Kiswahili cha huku kwetu, na lugha za Mlima Kenya zinazokizunguka, huegemea zaidi uso wa pili. Tunapoomba, tunamsogelea mtu. Tunamwita mama, baba, shosho, mzee, mwalimu, ndugu yangu, au Mama Kendi kwa jina la mtoto wake. Wito huo ndio "please" yetu. Katika kijitabu chote nilichosoma, hakuna hata sentensi moja ya Kiswahili inayomwita mtu kwa wito wa aina hiyo. Kila anayesemeshwa ni "wewe" asiye na umri wala ukoo.

Dosari ya pili inahusu maneno "sorry", "samahani" na "pole". Mtu akijikwaa pale Makutano, mpita njia asiyemjua atamwambia, "Pole!" Akiwa ni mpita njia aliyesoma, atasema, "Sorry!" Mgeni kutoka Uingereza akiambiwa hivyo hushangaa na kujibu kwamba wewe hukumsukuma. Kwake yeye, neno hilo ni la kukiri kosa. Kwetu sisi, hata tunapolisema kwa Kiingereza, tunamaanisha "pole": nimeyaona maumivu yako na ninayabeba pamoja nawe.

Kijitabu kingekuwa na faida kubwa iwapo kingelieleza jambo hili kwa sentensi tatu. Badala yake kimeandika "samahani" kila mahali. Matokeo yake yanachekesha mpaka yanaumiza. Katika sura ya msiba, rambirambi za Kiingereza zimetafsiriwa kuwa, "Samahani kwa kupoteza kwako." Mfiwa akiambiwa hivyo ana haki ya kuuliza: kwani ni wewe uliyemuua? Kiswahili kina "pole kwa msiba", kina "poleni" kwa nyumba nzima, na Pwani kina "makiwa". Mwenye kutafsiri hakuwa na haja ya kubuni chochote. Alihitaji kukumbuka tu tunavyosema tunapoingia katika boma lenye matanga.

Tena "pole" ina matumizi ambayo Kiingereza hakina kabisa. Tunasema "pole kwa kazi" kwa mtu aliyemwona jembe tangu alfajiri, na "pole kwa safari" kwa aliyetoka mbali. Kwa kuwa upande wa kushoto wa ukurasa hauna sentensi hizo, upande wa kulia nao hauna. Hii ndiyo hila ya orodha za tafsiri: kisichokuwapo katika lugha ya kwanza hufutwa kimyakimya katika lugha ya pili.

Tuje katika salamu. Hapa inanibidi nikiri kosa langu mwenyewe. Kwa miaka mingi nilikuwa mwalimu mkali kuhusu jibu la "habari yako". Mwanafunzi akijibu "mzuri", nilimkatiza. Habari iko katika ngeli ya I-ZI, kwa hivyo habari ni nzuri au njema, na mtu hawezi kuwa "mzuri" kwa kuulizwa habari. Sarufi ilikuwa upande wangu, nami nililaumu uvivu, shule za msingi na redio.

Baadaye nilijiuliza kwa nini kosa hili lina nguvu hivyo hasa huku juu. Katika Kigikuyu, Kiembu na Kimeru kuna shina moja, -ega, lenye maana ya -ema au -zuri. Anayemjulia mwenzake hali kwa Kigikuyu huuliza "wĩ mwega?", yaani wewe ni mzima? Sifa hapo inamhusu mtu, na kiambishi ni cha mtu. Mtoto anayesema "mzuri" amejibu swali aliloulizwa nyumbani kwao kwa maneno ya lugha ya shuleni. Naye Mwingereza vilevile huuliza hali ya mtu na kujibiwa na mtu: mimi ni mzima. Basi mtoto huyo amesukumwa na lugha mbili kuelekea upande mmoja.

Bado ninafunza "nzuri" na "njema", na katika mtihani nitasahihisha hivyo. Lakini siku hizi simkatizi mtu kabla hajamaliza kunisalimia. Niligundua kwamba kwa kumsahihisha nilikuwa ninakataa salamu yake.

Salamu zina kazi ambayo sarufi haiipimi. Mwaka 1923 mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski aliandika kuhusu maneno ambayo watu hubadilishana ili kufunga uhusiano tu, bila haja ya kupashana taarifa yoyote. Wazee wetu wa Meru walilijua hilo. Mtu akikwambia "Muga", nawe hujibu "Muga", na neno lilelile likirudi limekwisha kutuunganisha. Ndipo mambo mengine yafuate: watoto, mvua, ng'ombe, bei ya miraa. Kijitabu changu kinaitengea salamu mistari miwili kisha kinaingia katika shughuli. Ukitaka kuona matokeo, pita barabara ya Nkubu ukiwa na mgeni mweupe. Watoto watamwimbia "How are you!" bila kusubiri jibu, kwa sababu walifunzwa sauti wala hawakufunzwa kungoja.

Upo pia Kiingereza chetu wenyewe, ambacho vijitabu hivi hukiita makosa. Mtu tusiyemwona kwa muda tunamwambia "You are lost!", tukitafsiri "Umepotea!" Anayeinuka kwenda nje husema "I'm coming", kwa kuwa Kiswahili chake husema "Nakuja". Anayetaka kalamu husema "Assist me with a pen", kutokana na "Nisaidie na kalamu". Ni kweli kwamba mgeni wa London hatazielewa sentensi hizi vizuri, na mhudumu wa hoteli anafaa kulijua hilo.

Hata hivyo kuna tofauti kati ya kumwambia msomaji kwamba sentensi hii haitaeleweka ng'ambo na kumwambia kwamba sentensi hii ni ya ujinga. "Umepotea" ni neno la mapenzi. Linamwambia mtu kwamba siku alizokosekana tulizihesabu. "Nakuja" inamtuliza anayebaki kwamba sijamwacha. Kijitabu kinachozifuta bila maelezo kinamwaibisha msomaji kwa jambo ambalo lilifaa kumpa fahari.

Huenda msomaji ananiona nimekuza jambo dogo. Kijitabu cha Sh100 kina madhara gani? Nitasimulia kisa kimoja, nami sitataja kituo wala mtu.

Miaka michache iliyopita nilimpeleka mama yangu mzazi katika kituo kimoja cha afya upande wa Embu. Mama amezidi miaka 80 na hutumia dawa za presha. Tulipoingia, kijana aliyevaa koti jeupe aliinua macho akasema kwa Kiswahili safi, "Naweza kukusaidia?" Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa akitafsiri sentensi ambayo Kiingereza humpa kila mhudumu: "Can I help you?"

Kwa masikio ya mama hiyo haikuwa huduma. Huku kwetu, anayekukuta langoni kwake bila kukujua ndiye husema, "Nikusaidie?", na maana yake ni: unatafuta nini hapa? Mama akanyamaza. Aliulizwa maswali saba, akajibu "ndiyo" na "hapana". Tulitoka na karatasi ya dawa zilezile.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani ndipo aliponiambia kwamba alikuwa ameacha kumeza dawa kwa majuma matatu kwa sababu zilikuwa zikimtia kizunguzungu. Nilishtuka. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia daktari. Akanitazama kama anavyomtazama mtoto. "Mtu hakunisalimia," akasema. "Ningemwambiaje habari za mwili wangu?"

Tulirudi siku iliyofuata. Safari hii tulimpata muuguzi aliyeanza hivi: "Shosho, umeamkaje? Pole kwa kutembea." Hata hatujakaa vizuri, mama alikuwa amekwisha kueleza yote, kizunguzungu na majuma matatu. Dawa ikabadilishwa. Kati ya siku hizo mbili, maarifa ya tiba hayakutofautiana. Kilichotofautiana ni maneno ya mwanzo, ambayo hayakuchukua hata nusu dakika.

Kisa hiki kinanirudisha katika historia ya orodha za mazungumzo. Vitabu vya aina hii si vipya kwetu. Kilichobadilika ni mwelekeo wake. Miaka ya 1930, F. H. Le Breton alitoa kitabu chake Up-Country Swahili, kilichokusudiwa mwanajeshi, mlowezi, mchimba madini, mfanyabiashara na wake zao. Kiswahili cha walowezi, ambacho wengine walikiita Kisetla, kilijaa amri: lete, weka, ondoa, ngoja. Mzungu hakuhitaji zaidi ya hapo, kwa kuwa hakuja kuketi na mtu bali kumtuma.

Leo orodha zimegeuka. Sisi ndio tunaojifunza, na sentensi tunazofunzwa zaidi ni za kuomba, kuomba radhi na kuuliza mtu anataka tumhudumie vipi. Orodha ya zamani ilimfunza bwana kuamuru. Orodha ya sasa inamfunza mhudumu kuhudumu. Katika zote mbili sijaona ukurasa unaofunza watu wawili kukaa na kuzungumza kama watu sawa.

Tufanyeje basi? Sipendekezi vijitabu hivi vipigwe marufuku. Nitapendekeza mambo matatu ambayo mchapishaji yeyote anaweza kuyatekeleza katika toleo lijalo.

Kwanza, upande wa kulia uandikwe kwa kusikiliza watu, usiandikwe kwa kufungua kamusi. Swali la mwandishi lisiwe "neno hili ni nini kwa Kiswahili?" Liwe "mtu aliye katika hali hii, pale Runyenjes au Nkubu, husemaje?" Mara nyingine jibu litakuwa sentensi tofauti kabisa. Mara nyingine halitakuwa sentensi, litakuwa ni kushikana mikono na kungoja. Hilo nalo liandikwe.

Pili, sura zipangwe kwa kufuata uhusiano pamoja na hali. Mjukuu na nyanya hawaongei kama mnunuzi na mama mboga, wala mgonjwa haongei na daktari kama abiria na makanga. Msomaji akijua anaongea na nani, ataweza kuchagua maneno. Akijua tu kwamba yuko "hospitalini", atasema, "Naweza kukusaidia?"

Tatu, lugha za nyumbani zipewe safu yake. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inaitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, na inaitaka serikali ilinde lugha za Wakenya wote. Tangu Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 tumekuwa tukisema kwamba mtoto aanze masomo kwa lugha ya eneo lake, na mtaala wa umilisi unazo Lugha za Kiasili katika madarasa ya chini. Kijitabu chenye safu tatu, yaani Kiingereza, Kiswahili na Kimeru au Kiembu, kingemwonyesha msomaji kwa jicho lake mwenyewe mahali lugha hizo zinapopishana.

Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Ukanda huu una Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, Chuo Kikuu cha Methodisti, Chuo Kikuu cha Chuka na Chuo Kikuu cha Embu. Wanafunzi wetu wa isimu hutumia miezi mingi wakitafuta mada za tasnifu. Wapelekwe masokoni, kwenye steji na katika zahanati na daftari mkononi, waandike watu wanavyoombana, wanavyopeana pole na wanavyoagana. Tutapata kitabu ambacho hata mchuuzi wa Meru ataweza kukiuza kwa Sh100.

Nilipoteremka Embu, yule kijana aliniomba kijitabu changu ampelekee dada yake anayetafuta kazi. Nilimpa, pamoja na maandishi yangu yote ya pambizoni. "Asante, mzee," akasema. "Salimia watu wa nyumbani." Nilipitia kichwani sura ile ya kuagana niliyoisoma njiani. Ilikuwa na "Kuwa na siku njema", ambayo ni tafsiri ya neno kwa neno, na ilikuwa na "Kwaheri". Maneno aliyoniambia kijana huyo hayakuwamo.